Mpaka Lenta

Watu wote walimwita Fundi. Mwenye duka alimwita Fundi, majirani walimwita Fundi, hata siku alipomzika mkewe waliokuja kumshika mkono walisema, "Pole sana, Fundi, Mungu akutie nguvu." Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, nako lilikuwa limeanza kufutika. Duniani kote alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kumwita kwa jina jingine, na jina lenyewe lilikuwa Baba. Mtu huyo alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na tangu shule zilipofunguliwa mwanzoni mwa mwaka alikuwa akilala ng'ambo ya mtaro.

Mtaro wenyewe si kitu cha kutisha. Ni njia ya maji ya mvua tu, na kiangazi mtu mzima anauruka bila kukunja suruali. Lakini wakubwa waliogawa maeneo ya shule waliukuta pale, wakaona wasijisumbue kutafuta mstari mwingine, wakauandika kwenye makaratasi yao kwamba ndio mpaka. Anayekaa huku asome Shule ya Chini, anayekaa kule asome Shule ya Juu. Zote mbili ni za serikali. Rangi za kuta ni zilezile, sare ni ileile, na mtihani wa mwisho ni mmoja, siku moja, saa moja. Ukizitazama kwa mbali utasema ni mapacha. Ukisogea ndipo utakapoona kwamba pacha mmoja amekuwa akinyonya peke yake.

Maana serikali ilikuwa na utaratibu, na ukiusikia mara ya kwanza unaona una busara. Utaratibu ulisema: jengeni, nasi tutamalizia. Shule ikipandisha jengo kwa nguvu za wazazi mpaka lenta, serikali inaleta paa, inaleta meza na vifaa, na pamoja navyo inaleta mwalimu wa sayansi. Nani atakataa? Juu ya mtaro walikaa watu wa ofisi na watu wa magari. Walifanya kikao kimoja, wakanywa soda, na kabla ya muhula kuisha jengo lilikuwa limesimama. Serikali ikaja ikaezeka. Mwaka uliofuata wakapandisha jingine, serikali ikaja tena, kwa sababu ahadi ni ahadi.

Huku chini wazazi walikuwa wabeba mizigo, wauza mboga, washona viatu, na wengine ambao kazi yao haina jina. Nao walifanya kikao, bila soda. Wakachanga walichokuwa nacho, ukuta ukapanda mpaka usawa wa madirisha, ukagoma hapo. Miaka minne ulikuwa umegoma. Majani yaliota ndani, mbuzi wa mlinzi wakapafanya kwao. Na kila mwaka fedha za serikali, ambazo ni jasho la wote hata muuza mboga, ziliruka mtaro zikaenda kumwongezea aliyeshiba. Hakuna aliyeiba hata shilingi. Hilo ndilo linaloudhi. Ungemtafuta mwizi mchana kutwa usimpate.

Sasa, huyo binti wa Fundi, wenzake darasani walimpachika jina la Kikokotoo. Ukimtajia namba mbili alikupa jawabu kabla hujafunga mdomo. Mwalimu wa hesabu wa Shule ya Chini alikuwa amehama zamani, na wa sayansi hakuwahi kufika kabisa, kwa hiyo Mwalimu Mkuu mwenyewe, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa akifundisha hesabu kwa watoto tisini na mmoja katika chumba kimoja. Mwaka jana mwishoni alimwita Fundi.

"Fundi, mtoto wako amenimaliza," alisema. "Nilichokuwa nacho nimempa chote. Siku hizi ananisahihisha ubaoni, na anasahihisha kweli. Mpeleke ng'ambo."

"Ng'ambo hawampokei, Mwalimu. Sisi hatukai kule."

Mwalimu Mkuu alitazama dirishani kwanza. "Dada yako anakaa wapi?"

Dada yake Fundi alikuwa mshonaji. Alipanga chumba na sebule kule juu, nyuma ya nyumba ya watu, na ndipo alipokuwa akishonea. Hakujaliwa mtoto, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Alipoelezwa shida alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kwani shangazi si baba wa kike?" alisema. "Basi wakiniuliza kama huyu ni wangu nitasema ndiyo, wangu, na hakuna uongo hapo. Ila ataniita mama. Na wewe, kaka yangu, usiwe unaonekana onekana huku siku za shule. Watu wa huku hawana kazi za mikono, macho yao yana nafasi."

Fundi alicheka naye. Akabeba begi la binti yake, akauruka mtaro, akalikabidhi, akarudi. Alipofika nyumbani akaona chumba alichokuwa akikilalamikia kila siku kwamba ni kidogo kimekuwa kikubwa.

Tangu mkewe afariki Fundi alikuwa na miko miwili, wa kujengea na wa kupikia, na binti yake alizoea kumtania kwamba ipo siku atakoroga maharage kwa ule wa saruji. Sasa alirudi kutoka kazini, akapika, akapakua, na kila mara akajikuta amepakua sahani mbili. Ya pili aliifunika, akaila asubuhi ikiwa baridi. Aliwasha redio, akaizima kwa kuwa haikuwa ikimuuliza lolote. Alikuwa mpweke. Hakuna namna ya kulipamba neno hilo, na yeye mwenyewe hakujaribu. Walipomuuliza kazini, "Fundi, binti hajambo?" alijibu, "Hajambo, anasoma," kisha akageukia tofali.

Jumapili binti alishuka. Miezi ya mwanzo alikuja mbio, na kabla hajauvuka mtaro alikuwa ameshapaza sauti, "Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mama," Fundi alijibu. Ndivyo alivyomwita tangu akiwa mchanga.

Kisha habari zilimwagika. Kuna chumba, baba, kina mabomba ya maji kwenye kila meza. Kuna chombo unachungulia ngozi ya kitunguu unaiona ina vyumba vyumba kama nyumba ulizojenga wewe. Darasani tuko thelathini na wanane, mwalimu anajua hata nani hakulala vizuri. Fundi alisikiliza akichekelea, na moyoni akaumia kwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba mwanawe alikuwa akiyaona hayo bila yeye, na kwamba wale tisini aliowaacha hawakuwa wakiyaona kabisa.

Mwezi wa tano Jumapili zikaanza kuwa na masomo ya ziada. Akawa anakuja moja, anaruka mbili.

Mwezi huohuo waraka ukafika Shule ya Chini. Mwalimu Mkuu aliusoma mbele ya wazazi, na Fundi alikuwa amekuja ingawa kwenye vitabu hakuwa tena mzazi wa pale. Serikali ilikuwa na fungu jipya la paa na walimu. Shule yoyote itakayokuwa imepandisha jengo mpaka lenta kufikia mwezi wa tisa, afisa atakuja, atakagua, ataiandika kwenye orodha.

"Fundi," Mwalimu Mkuu aliita, "wewe ndiye mwenye lugha hii. 'Mpaka lenta' ndiyo nini hasa? Niandike barua niulize?"

Fundi alisimama. Haikuwa mara nyingi watu wakamgeukia namna ile, na haikuwahi kutokea karatasi ya serikali ikaongea lugha ya kazini kwake. Alijisikia vizuri, tuseme ukweli.

"Mwalimu, hilo niachie mimi," alisema. "Barua ukiandika leo jibu litakuja tumezeeka. Lenta ni ule mkanda wa zege unaofunga nyumba nzima, juu ya milango na madirisha, kabla ya paa. Kupandisha mpaka lenta ni kupandisha tofali mpaka pale mkanda unapokaa. Ukifika hapo, umefika. Zege lenyewe na nondo zake ni kazi nyingine, ina siku yake na watu wake. Muulize fundi yeyote."

Na kweli, ungemuuliza fundi yeyote angekujibu hivyohivyo. Wazazi wakapiga makofi.

Jumapili iliyofuata alimweleza binti yake. Walikuwa wamekaa juu ya ule ukuta uliogoma, miguu inaning'inia, mbuzi wanawatazama.

"Ukifika lenta, mwalimu wa sayansi anakuja," alisema. "Mwalimu akija, wewe unarudi nyumbani."

"Siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo. Nitakuja kubeba begi mwenyewe."

 Binti akaruka chini, akashika ncha ya uzi wa baba yake wa kujengea, akapima urefu wa kuta zote kwa hatua, midomo ikicheza. "Tofali mia sita na kumi na nne," alisema. "Na ukivunja ishirini usinilaumu mimi."

Mambo yalivyokwenda ni hivi. Jumamosi ya kwanza walikuja wazazi kumi na mmoja, wakang'oa majani, wakaimba. Jumamosi ya pili walikuja wanne. Ya tatu alikuja mlinzi peke yake, na huyo alikuja kudai haki za mbuzi wake. Fundi hakuwalaumu. Mtu anayekula alichopata leo, ukimwomba siku yake moja umemwomba chakula cha watoto. Akaendelea mwenyewe. Alitoka kazini alasiri, akachanganya udongo na saruji kidogo aliyoipata, akapanda jukwaani, akalaza kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, akatazama jua, akashuka. Mwalimu Mkuu alimletea chai kwenye chupa na kuishikilia ngazi, akimwambia habari za watoto ambao wazazi wao hawana dada ng'ambo.

Zilipobaki kozi tatu, ile nyumba ya ghorofa aliyokuwa akiifanyia kazi ilikamilika, na mkandarasi alikuwa na mabaki uwanjani. Alimpenda Fundi kwa kuwa alikuwa hapotezi misumari.

"Chagua kimoja," alimwambia. "Pale kuna nondo na mifuko ya saruji, hapa kuna tofali. Nitakupakilia kwenye lori mpaka hapo shuleni kwenu. Viwili siwezi, wenzako watanuna."

Fundi alizitazama zile nondo. Zilikuwa ndefu, safi, hazijashika kutu, zingetosha kuzunguka jengo lote. Kisha akafikiri kama fundi: lenta ni kazi ya serikali, mimi kazi yangu ni tofali. Tofali za zile kozi tatu za juu angeweza kuzipata pole pole, mbili hapa, tano pale. Nondo kama zile hangezipata tena. Hayo yote aliyajua, na bado akasema, "Tofali, bosi. Mungu akubariki."

Kozi ya mwisho aliimaliza wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa. Alikuwa amevunja tofali kumi na tisa. Alikaa kule juu peke yake, akapitisha pima maji kona hadi kona, na akafurahi mno akatafuta wa kumwambia, asione mtu. Akawaambia mbuzi.

Afisa alikuja siku ya Jumanne, alasiri, kwa gari jeupe. Alikuwa kijana wa adabu, suruali yake imepigwa pasi, na alimwamkia Fundi vizuri kabla ya lolote. Tusimsingizie. Alizunguka jengo lote, akagonga tofali kwa kiganja, akatikisa kichwa kwa kusifu.

"Kazi safi sana hii. Umejenga na nani?"

"Na Mungu," Mwalimu Mkuu alidakia, "maana wengine wote walikuwa na udhuru."

Afisa alicheka, akafungua faili. "Haya. Lenta iko wapi?"

"Inakaa pale juu," Fundi akamwonyesha.

"Inapokaa napaona, mzee wangu. Nauliza yenyewe iko wapi."

Fundi alidhani kijana hajui kazi, akamweleza taratibu, kwa upole, tofali ni nini na lenta ni nini. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza faili ili Fundi naye aone, akaweka kidole kwenye mstari.

"Mpaka lenta, maana yake lenta ikiwemo. Zege limemwagwa, limekauka. Sisi tunaanzia paa."

"Hapana," Fundi alisema. "Mpaka lenta ni mpaka lenta. Ukimwambia mtu nenda mpaka mtoni, unataka azame?"

Mwalimu Mkuu alicheka. Afisa naye alicheka, kisha akajifuta uso kwa leso, na uso ulipotoka kwenye leso haukuwa na kicheko.

"Mzee wangu, mimi ningekuwa na uwezo ningeandika umefika. Lakini picha zinapigwa, zinatazamwa na watu wengine. Orodha inafungwa Ijumaa. Una nondo?"

 Kichwani Fundi aliziona zile nondo, ndefu, safi, zikiwa zimelala uwanjani kwa mkandarasi, na alijua zilishauzwa.

"Mngepiga simu tu," afisa alisema, na alisema kwa huruma. "Wenzenu wa Juu neno hilohilo liliwatatiza, wakapiga simu nikawaeleza. Wao mwaka huu wanapata maktaba."

"Walimpigia nani?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Mimi."

"Namba yako waliipata wapi?"

Kijana alifunga faili. Alisema awamu nyingine itakuja baada ya miaka mitatu, na kwamba ukuta uliojengwa vizuri namna ile hauwezi kuanguka, utasubiri. Akaingia garini.

Miaka mitatu ni mingi. Binti angekuwa na miaka kumi na sita, shule ameimaliza, na kilichobaki cha utoto wake kingekuwa kimeliwa kwenye meza ya shangazi. Fundi alipiga hesabu hiyo mwenyewe, bila msaada wa Kikokotoo. Alimgeukia Mwalimu Mkuu amwambie, ulitaka kuandika barua, mimi ndiye niliyekuzuia. Alitaka mwanamke yule amgombeze kwa ile sauti yake ya kukwaruza.

"Kunywa chai, Fundi," Mwalimu Mkuu alisema, akammiminia.

Hiyo chai ilimshinda. Aliiweka juu ya tofali, akachukua mfuko wake wa kazi, akaanza kupanda kuelekea kwa dada yake.

Haikuwa Jumapili. Alijua. Lakini mambo ya namna hii mtoto asiyasikie kwa watu, asikie kwa mzazi wake, ndivyo alivyojiambia akiuruka mtaro. Alijiambia pia kwamba shule zimetoka, kwamba hatakaa. Sababu ya tatu hakujiambia, nasi tutaisema kwa niaba yake: alikuwa ameharibu, moyo ulikuwa unamwuma, na alitaka mtu amwite Baba.

Lango la nyumba ya watu lilikuwa wazi. Alizunguka mpaka nyuma, akapiga hodi huku mguu mmoja ukiwa ndani, kama mtu wa nyumbani.

Sebuleni kulikuwa na watu watatu. Dada yake alikuwa kwenye cherehani. Binti yake alikuwa amesimama, bado ana sare, mikono nyuma. Na kwenye kiti cha wageni alikaa mwalimu mmoja mwenye tai, daftari kubwa limefunguka magotini, ubavuni mwa daftari nembo ya Shule ya Juu. Cherehani ilinyamaza. Fundi alielewa kabla hajaambiwa. Wazazi wa Juu walikuwa wamelalamika kwa muda kwamba watoto wa chini wanajipenyeza na kuwajazia madarasa, na shule ilikuwa imeahidi kupita nyumba kwa nyumba.

"Karibu, mzee," mwalimu alisema kwa uchangamfu. Alitazama viatu vyenye udongo, akatazama na uso. "Na wewe ni nani wa hapa?"

Fundi alifungua mdomo.  

"Shikamoo, fundi," binti alisema.

Alilitamka vizuri, kwa heshima, kama mtoto yeyote aliyelelewa anavyomwamkia mkubwa yeyote. Kisha akamgeukia mwalimu wake. "Huyu ni fundi, mwalimu. Mama alimwita aangalie ukuta wa jikoni."

"Marahaba," Fundi alisema. Neno lililofuata, lile la kila siku, alilishika kwenye meno, akalimeza.

Akaenda jikoni. Palikuwa hatua nne tu, na mlango hakuna. Akatoa timazi kwenye mfuko, akalining'iniza ukutani, akaliangalia likicheza na kutulia. Ukuta ulikuwa umenyooka kabisa, hauna ubaya wowote. Akaugonga hapa na pale kwa mpini wa mwiko ili wasikie kazi inafanyika. Nyuma yake maswali yaliendelea.

"Umezaliwa na kukua hapahapa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na baba?"

"Hayupo."

Kalamu iliandika. Haikuchukua muda, ni neno moja. Fundi alishika uzi wa timazi, na alishukuru kwamba kazi yake ni ya kuutazama ukuta. Hakumkasirikia binti. Alikuwa akimwombea asikosee.

"Fundi," mwalimu alimwita, kwa ukarimu tu, mtu asiye na haraka, "nawe unakaa huku kwetu?"

"Hapana, mwalimu. Ng'ambo."

"Una watoto?"

"Mmoja."

"Anasoma shule gani?"

"Nzuri," Fundi alisema.

Mwalimu aliona ni mzaha, akacheka, akapiga tiki ya mwisho. Lakini hakuinuka. Dada mtu alikuwa amemwekea soda kwa adabu ya mgeni, na mgeni alikuwa anaifurahia polepole. Ikawa wazi kwamba wa kuondoka ni fundi. Alikunja uzi wake, akasema ukuta hauna shida, ni rangi tu imechoka, atapita siku nyingine. Alikuwa ameshafika mlangoni binti alipoongea tena.

"Fundi, ule ukuta mwingine wa kule chini, mlikuwa mnaujenga. Umefika lenta?"

Macho yao yalikutana. Binti alikuwa amesimama vilevile, mikono nyuma, wima kama alivyomfundisha kuusimamisha ukuta. 

"Umefika," Fundi alijibu. "Tofali zote zimekaa. Zilivunjika kumi na tisa tu."

"Kwa hiyo kazi imeisha?"

Alitafuta namna ya kulisema. Mwalimu alikuwa akimtazama kwa udadisi wa mtu anayependa habari za ujenzi.

"Bado, binti. Wenyewe wamekuja leo, wamesema bado. Fundi alikosea kuuliza. Wanasema mpaka miaka mitatu."

Binti alilipokea. Alipiga hesabu, Fundi aliiona ikipita usoni mwake, upesi kama zilivyopita zote, na jawabu likafika. 

"Basi pole na kazi, fundi," alisema.

"Asante. Soma sana."

Akatoka. Alipokuwa akiufikia ule mkunjo wa ukuta, pale ambapo mtu akipita haonekani tena sebuleni, alisikia chupa ya soda ikiwekwa mezani na sauti ya yule mwalimu, imejaa ukarimu.

"Mtoto ana adabu sana huyu. Hata na mafundi anaongea nao vizuri. Umemlea, mama, hongera."

Fundi alisimama kumngoja dada yake ajibu. 

"Asante, mwalimu," dada yake akasema, na hakuongeza neno. Kisha cherehani ikaanza kulia tena.